Utangulizi wa cheo ni nini? Tarehe zilizoamua maisha ya afisa wa manowari

Machi 1914, maafisa wengi wa jeshi la majini la Uingereza walipata jina jipya la cheo. Walikuwa Luteni, wakawa Luteni Kamanda. Kwenye mikono ya makoti yao hakikubadilika kitu: tepe mbili nene za dhahabu, ya juu ikiwa na kitanzi, na katikati yake utepe mmoja mwembamba. Huo mwembamba waliuvaa tangu zamani. Ulionyesha kwamba mwenye koti ametimiza miaka minane akiwa Luteni. Ulikuwa heshima, lakini mwenzake anayejua kuusoma aliona jambo la pili pia: huyu bwana bado anasubiri zamu yake.

Kusubiri huko ndiko tunakoita hapa utangulizi wa cheo. Maafisa wawili wakiwa na cheo kimoja, mkubwa ni yule aliyekipata kwanza, hata kama amemtangulia mwenzake kwa siku moja tu. Serikali ilichapisha kitabu chenye majina ya maafisa, kila jina na tarehe yake ya cheo. Manowari mbili zikikutana baharini, na wakuu wake wote ni wa cheo kimoja, suala la nani atoe amri lilikuwa limeshakatwa ndani ya kitabu hicho. Kwa watu wanaokwenda vitani hilo si jambo dogo. Risasi zikianza kulia, hakuna nafasi ya kubishana nani mkubwa.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe cheo na wadhifa, maana hapa wasomaji wengi wa Kiswahili huteleza. Kapteni wa jeshi la nchi kavu yuko chini ya meja. Kapteni wa majini ni mtu mwingine kabisa: analingana na kanali, na ana tepe nne mkononi. Zaidi ya hapo, kila anayeongoza manowari huitwa kapteni wa meli hiyo, awe na cheo gani. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia Pegasus ya Waingereza ilipokuwa imetia nanga Zanzibar ikitengenezwa mitambo. Mkuu wa Pegasus alikuwa John Ingles. Kwa wadhifa alikuwa kapteni wa meli, kwa cheo alikuwa Kamanda, tepe tatu. Mabaharia wake waliokufa walizikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji.

Na neno Kamanda nalo linataka uangalifu. Sisi humwita kamanda kiongozi yeyote wa kikosi, hata wa polisi. Katika jeshi lile ni ngazi moja mahususi, kati ya Luteni Kamanda na Kapteni.

Ngazi yenyewe ilianza mapema sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtoto aliingia chuo cha wanamaji akiwa na miaka 12 au 13, kwanza Osborne, chuo kilichofunguliwa 1903 katika kisiwa cha Wight, kisha Dartmouth. Waliotangulia kabla ya hapo walifundishwa ndani ya meli kuukuu, Britannia, iliyofungwa mtoni hapohapo Dartmouth. Kutoka hapo kijana alikwenda baharini kujifunza, akawa Luteni mdogo, kisha Luteni. Mpaka hapo asiyeharibu kazi alipanda tu.

Ugumu ulikuwa kuvuka kutoka Luteni kwenda Kamanda. Hapo tarehe peke yake haikutosha. Mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Juni na mwisho wa Desemba, wakuu wa jeshi mjini London walitoa orodha ya waliochaguliwa. Ilikuwa hivyo hivyo kutoka Kamanda kwenda Kapteni. Asiyeliona jina lake mwaka huu alingoja mwakani, na mwaka mwingine, huku vijana nyuma yake wakimpita, mpaka umri wa kustaafu ukamkuta na utepe wake mwembamba.

Ukishakuwa Kapteni, mambo yaligeuka. Kutoka hapo kwenda Rear Admirali, ngazi ya chini kabisa ya admirali, hakuna aliyekuchagua. Foleni ilisogea yenyewe: admirali mmoja akistaafu au akifariki, kapteni wa mbele alipanda, na wote nyuma yake wakasogea hatua moja. Ndiyo maana kila afisa alitamani ukapteni akiwa kijana. Aliyeupata mapema alikuwa na miaka ya kutosha kufika mbele ya foleni.

David Beatty aliupata mapema mno. Alipigana kwenye mashua za mizinga mtoni Nile, akapewa ukamanda 1898 akiwa na miaka 27, na baada ya vita vya China akawa Kapteni 1900 akiwa na 29. Zamu yake ya kuwa admirali ilipofika, hakuwa ametimiza muda uliotakiwa wa kuongoza meli baharini akiwa Kapteni, kwa hiyo ilibidi itolewe amri maalumu ya mfalme na baraza lake. Januari 1, 1910 akawa Rear Admirali, miaka 38. Baadaye alikataa kazi aliyopangiwa, akakaa bila meli kwa nusu mshahara, kama ilivyokuwa desturi kwa afisa asiye na kituo. Mkewe alikuwa binti wa tajiri mkubwa wa Chicago, hivyo nyumba haikutetereka. Afisa asiye na mali angelipa gharama kubwa kwa kukataa vile.

Sasa mweke kando yake Geoffrey Spicer-Simson, aliyezaliwa Tasmania Januari 1876. Naye alipofika miaka 38, 1914, alikuwa Luteni Kamanda. Alikuwa amefanya kazi ya kupima na kuchora ramani za maji China na mto Gambia, kazi ngumu inayohitaji akili. Lakini aliwahi pia kugonga mashua na kuizamisha, na Novemba 1914 mojawapo ya meli zilizokuwa chini yake, Niger, ilipigwa na nyambizi karibu na mji wa Deal, yeye akiwa nchi kavu. Akarudishwa London, kwenye kazi ya mezani. Kwa mtu wa namna hiyo, orodha za Juni na Desemba zilikuwa zimefungwa.

Kilichomfungulia mlango ni Ziwa Tanganyika. Wajerumani walilitawala kwa meli zao, na Waingereza wakaamua kupeleka mashua mbili za injini, Mimi na Toutou, kila moja kama mita 12. Ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikateremshwa Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume, Katanga, katika Kongo. Reli ilipokatika, zilivutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba. Watu wa Katanga walifyeka njia, wakajenga madaraja ya magogo, wakasukuma, wakabeba maji ya kunywesha mitambo. Majina yao hayamo katika kitabu chochote cha tarehe, na bila wao mashua zile zisingeliona ziwa.

Desemba 26, 1915 Spicer-Simson aliiteka Kingani ya Wajerumani, akaiita Fifi. Februari 9, 1916 aliizamisha Hedwig von Wissmann. Ushindi huo ulimpa alichokikosa miaka yote: ukamanda, pamoja na DSO, nishani ya maafisa waliotumikia vizuri vitani. Waliokuwa naye walisimulia kwamba huko ziwani alipandisha mbele ya kibanda chake bendera ya makamu admirali, ngazi kadhaa juu ya cheo chake. Wengi husimulia kisa hicho kwa kumcheka. Mimi nakiona kama kidonda cha mtu aliyekaa foleni muda mrefu mno.

Ilipotokea Graf von Goetzen, meli ya Wajerumani kubwa kuliko zote ziwani, hakutaka kuishambulia. Juni 1916, Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga, aliiacha ngome ya Wajerumani bila kuipiga, na Wajerumani wakaponyoka kwa majahazi. Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Kigoma mwezi Julai, na ikaja kuibuliwa na kuwa Liemba. Spicer-Simson alirudishwa Uingereza akiwa mgonjwa, kisha mezani palepale, na hakupewa tena meli ya vita. Kazi iliyomfaa aliipata nje ya foleni: tangu 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa shirika la kimataifa la ramani za bahari, Monaco, akisimamia kazi ileile ya kupima maji aliyoifanya kule Gambia akiwa bado Luteni.