Trafeli za pasheni: kazi yote iko kwenye maji

Darasa langu la trafeli huanza na kitambaa. Kabla hatujagusa chokoleti, kila mtu anafuta bakuli lake, mwiko wake, kisu chake na mikono yake, hata kama anaapa kwamba vimeshakauka. Watu hucheka. Nusu saa baadaye namimina krimu na maji ya pasheni juu ya chokoleti ileile tuliyokuwa tunailinda dhidi ya tone moja, na hapo kicheko kinageuka kuwa swali: "Sasa dada, si ulisema maji marufuku?"

Swali hilo likijibiwa vizuri, mengine yote yanakuwa mapishi tu. Kwa hiyo nianzie hapo.

Trafeli ni vitonge vya chokoleti laini. Wafaransa walivipa jina la uyoga mweusi unaofukuliwa ardhini, maana ukivigaragaza kwenye unga wa kakao vinafanana nao. Ndani yake kuna ganashi, yaani chokoleti na krimu zilizoshikana zikawa kitu kimoja. Sasa, chokoleti yenyewe kabla ya krimu ni chembe za kakao na sukari zilizozungukwa na mafuta, siagi ya kakao. Haina maji karibu kabisa. Tone likiingia, sukari inalowana, chembe zinang'ang'aniana, na kitu kilichokuwa kinatiririka kinageuka udongo wa mfinyanzi mbele ya macho yako. Ukiendelea kuongeza maji, sukari inayeyuka, na mafuta yanagawanyika kuwa vitone vidogo vidogo vinavyoelea ndani ya maji, kama yalivyo ndani ya maziwa. Hapo inalainika tena na kung'aa. Tone moja linaua, vijiko vichache vinaponya. Ndiyo maana tunafuta bakuli halafu tunamimina: maji yaingie kwa kipimo chetu, yasijiingize yenyewe.

Matunda yanavuruga hesabu hii kwa sababu tunda, kwa sehemu kubwa, ni maji yenye sukari na uchachu. Wengi wakitaka trafeli za matunda wanaongeza juisi kwenye ganashi ya kawaida. Inakuwa uji. Wanaongeza chokoleti ili ikaze, ladha ya tunda inapotea. Wanakimbilia vichupa vya ladha, na hapo mimi huwa naaga. Ladha ya pasheni ya kichupa, kwa ulimi wangu, ni sabuni ya kuogea. Njia iliyobaki ni ya bibi zetu wa achari: punguza maji kwenye tunda kabla halijakutana na mwenzake.

Nitumie pasheni, maana ndilo tunda ninaloliamini zaidi kwa chokoleti nyeusi. (Karakara, kama umelelewa upande huo.) Uchachu wake unasimama mbele ya kakao bila kuogopa. Chagua zile ndogo za zambarau, zenye harufu nzuri zaidi. Zile kubwa za njano ni chachu kuliko hizi, zitahitaji asali zaidi. Usikwepe zilizonyauka na kukunjamana ganda, ndizo zilizoiva, na sokoni mara nyingi wanakuuzia kwa bei ya kuondoa. Pasheni 14 hivi zitakupa gramu 160 za maji yaliyochujwa, kutegemea ukubwa. Kuzitoa mbegu, tumia chujio na mgongo wa kijiko. Blenda ukiiachia inasaga mbegu, unapata uchungu na mchanga mdomoni.

Pima sufuria tupu kwanza na uandike uzito wake mahali. Wangu umeandikwa ukutani kwa kalamu ya mkaa tangu siku ya kwanza, mwenye nyumba bado hajauona. Weka pembeni kijiko kimoja cha chakula cha maji ya pasheni mabichi. Yaliyobaki yaingie jikoni, moto wa wastani. Mwanzoni mapovu ni madogo na yana kelele. Kadiri maji yanavyoondoka, mapovu yanakuwa makubwa na mavivu, sauti inashuka, na ukipitisha mwiko chini ya sufuria unaacha njia inayochelewa kufunga. Rudisha sufuria kwenye mizani: unataka gramu 65 za ndani. Ukikosa mizani, ishie karibu na nusu, lakini kwa kweli nunua mizani. Chokoleti haijui vikombe.

Kile kijiko kibichi ni kwa ajili ya harufu. Kuchemsha kunabakisha uchachu na sukari, ila harufu ya pasheni inaishia jikoni kwako, na nyumba nzima inanukia kitu ambacho hakitakuwemo kwenye trafeli. Ndiyo maana kijiko hicho kinarudi mwishoni kabisa.

Chokoleti sasa. Gramu 300, nyeusi, yenye kakao asilimia 55 hadi 60. Geuza pakiti usome viungo: mafuta yake yawe siagi ya kakao. Ukiona mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea yamechukua nafasi yake, hiyo ni chokoleti ya kupambia keki, na ganashi yake itaganda kama nta na kubandika kwenye kaakaa. Rafu zetu zimejaa hizo, na sioni kama zitapungua, maana mwaka 2024 tani ya kakao ilivuka dola 10,000 katika soko la dunia na kila mtengenezaji akaanza kutafuta pa kubana. Ukipata ya asilimia 70 iliyotengenezwa kwa kakao ya Kilombero, onja kabla ya kupika. Niliyoionja mimi ilikuwa na uchachu wa matunda tayari, kwa hiyo pasheni ilikaa humo kama iko kwao. Kwa asilimia hiyo punguza chokoleti hadi gramu 260, kwa sababu mafuta yake na kakao yake ni mengi na maji yako hayataibeba.

Ikatekate ndogo ndogo. Chemsha gramu 80 za krimu nzito, ya mafuta asilimia 35, pamoja na gramu 20 za asali. Ikianza tu kuchemka pembeni, mimina juu ya chokoleti, tulia dakika moja, kisha anza kukoroga katikati tu, vizunguko vidogo, kama unasonga ugali wa mtoto mchanga kwenye bakuli la mkubwa. Itaonekana mbaya. Itakatika, itakuwa na mafuta pembezoni, utadhani umeharibu. Endelea. Katikati patatokea kidoa kinachong'aa na kuvutika, na unakipanua polepole hadi kingo. Hapo tu ndipo unaleta pasheni iliyopunguzwa, ikiwa ya uvuguvugu, kwa mafungu matatu. Usiichemshe pamoja na krimu: uchachu na moto vikikutana na maziwa vinayagandisha, na utachuja vipande vya mtindi. Ndani ya chokoleti, krimu imeshapata mwenza, haishtuki hivyo.

Siagi gramu 30, laini, inangoja ganashi ipoe. Kipimajoto kikisoma kati ya 35 na 40 ni sawa. Usipokuwa nacho, chukua tone kwa kijiko kisafi uguse mdomo wa chini: kama husikii joto wala baridi, imefika. Siagi, kisha kile kijiko kibichi. Kama una blenda ya mkono, izamishe kabisa bila kuiinua ili isiingize hewa, sekunde 20 zinatosha.

Darasa la mwezi uliopita mama mmoja aliniita kwa sauti ya msiba. "Dada, yangu imekatika." Kweli, bakuli lake lilikuwa na chenga za kahawia zikiogelea kwenye mafuta. Alikuwa ametumia ya asilimia 70, gramu 300 kamili, na akaipasha moto upya mara mbili kwa wasiwasi. "Usiitupe mama, ina kiu." Tukapasha vijiko viwili vya maziwa hadi uvuguvugu, tukamimina nusu kijiko, tukakoroga katikati pale pale, kimya, nusu kijiko kingine, tukakoroga. Kwenye kijiko cha pili ikashika kwa ghafla, kama mtu aliyekumbuka jina. Alikuwa amefanya kila kitu kulinda chokoleti isipate maji zaidi, na ugonjwa ulikuwa uhaba wa maji. Ganashi iliyokatika karibu kila mara ama ni ya moto mno, ama mafuta yamezidi maji. Ipoze, inyweshe kidogo kidogo.

Baada ya hapo kuna joto letu. Vitabu vya Ulaya vitakwambia uiache ganashi mezani usiku kucha kwenye nyuzi 18. Ni sawa, kwa aliye Lushoto mwezi wa saba. Siagi ya kakao inaanza kulegea kabla ya kufika nyuzi 30 na inayeyuka yote kwenye 34 hivi, na chumba cha Dar mwezi wa pili kinacheza na namba hizo hizo. Mimi hufanya kazi baada ya saa tatu usiku, naitandaza ganashi kwenye sinia bapa, naifunika kwa nailoni inayogusa uso wake, na kuiweka kwenye friji saa moja na nusu. Kisha nachota kwa kijiko vitonge vya gramu 12 au 13, vinatoka kama 40, narudisha friji dakika 20, ndipo naviviringisha. Kuna watu wana mikono ya moto, mimi mmoja wao. Shika chupa ya maji baridi, futa mikono ikauke kabisa, viringisha vitano, shika tena chupa.

Vikishaviringishwa vinagaragazwa kwenye unga wa kakao usio na sukari, basi. Kufunika kwa gamba la chokoleti linalokatika kwa sauti ni somo jingine, la kuyeyusha hadi nyuzi 45, kushusha hadi 27 na kupandisha tena hadi 31, na kama huna kiyoyozi sikushauri uanze nalo.

Kosa langu kubwa lilikuwa hapo hapo, mwishoni. Oda ya send-off, trafeli 200, zote zimekamilika usiku, zimepangwa kwenye sinia, zimeingia friji bila kufunikwa kwa sababu nilitaka asubuhi nizione zilivyopendeza. Nikazitoa moja kwa moja kwenye hewa ya Dar. Ndani ya dakika kumi kila kitonge kilitokwa jasho, na ule unga wa kakao ukawa tope. Hewa yetu ina unyevu, ikikutana na kitu cha baridi inautua pale pale. Nilikaa nikizifuta moja moja kwa karatasi na kuzigaragaza upya, bibi harusi ananipigia simu. Tangu siku hiyo trafeli zangu zinalala kwenye chombo chenye mfuniko usiopitisha hewa, na mfuniko haufunguliwi mpaka chombo kizima kipoteze ubaridi wake mezani. Jasho linatokea nje ya plastiki, halidhuru. Zile za matunda nazimaliza ndani ya wiki moja, kwenye friji.

Matunda mengine, kwa haraka. Embe halifai na chokoleti nyeusi, linamezwa zima. Lipe chokoleti nyeupe, gramu 350 kwa gramu 100 za embe dodo lililosagwa na kupunguzwa, na ndimu ya kutosha. Nanasi lazima lichemke, bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini za maziwa, krimu inakuwa chungu. Ukwaju hauhitaji hata kuchemshwa sana: loweka kwa maji machache ya moto, kamua, chuja, tayari ni uji mzito. Ukwaju na chokoleti ya asilimia 60, na chumvi kidogo sana juu, ndiyo trafeli ninayojipikia mwenyewe. Na ubuyu ni zawadi, tunda linalojikaushia lenyewe ndani ya buyu lake. Unga wake mweupe unachanganya nusu kwa nusu na unga wa kakao wa kugaragazia, na uchachu unakuja kwanza kabla ya chokoleti. Ila fanya siku ile ile ya kula, maana unanyonya unyevu na kunata.

Lipo moja ambalo bado linanishinda. Kakao nayo ni tunda, na mbegu zake zimevikwa nyama nyeupe, tamu, chachu kidogo, ambayo watoto wa Kyela wanaifyonza na kutema mbegu. Nyama hiyo hiyo ndiyo inayochachuka kwenye masanduku baada ya mavuno na kuipa mbegu mwanzo wa ladha yake ya chokoleti. Niliomba niletewe lita moja kwa basi. Chupa ilifika kituo cha Mbezi ikiwa imevimba kama mpira, na nilipoifungua nusu ilirukia blauzi yangu. Iliyobaki niliichemsha hivyo hivyo hadi ikawa nzito. Zilitoka trafeli 11. Nyumbani kwetu zilidumu hadi saa nne asubuhi, na chupa ya pili nimesema ije na barafu.