Giaboksi Iliyogeuzwa: Injini za Ndege za Kivita Ndani ya Boti za Mashindano

Injini ya ndege mimi huanza kuitazama puani. Huko ndiko inakofungwa propela, na huko ndiko fundi anakojua haraka kama injini ilitunzwa au iliteswa. Kwenye Cessna za watalii ninazozihudumia, pua haina siri. Propela imefungwa moja kwa moja kwenye krenkishafti, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni; injini ikizunguka mara 2,700 kwa dakika na propela inazunguka hivyo hivyo. Injini kubwa za ndege za kivita za Vita vya Pili vya Dunia hazikuwa hivyo. Zenyewe zilikuwa na giaboksi puani, na ukielewa kazi ya giaboksi ile umeelewa nusu ya habari ninayotaka kuisimulia leo.

Miaka kadhaa nyuma nilikwenda Seattle, Marekani, kwa mafunzo ya wiki chache. Jumapili moja nikaingia jumba la makumbusho la mji huo, MOHAI, nikitarajia kuona ndege. Juu ya kichwa changu ilikuwa imening'inizwa boti ya mbao yenye jina la Slo-mo-shun IV. Nilisimama chini yake mpaka shingo ikauma. Kilichonishika ni kwamba boti ile ilipata umaarufu kwa injini ya Allison V-1710, injini ninayoijua vitabuni tangu nikiwa mwanafunzi, ile ile iliyorusha ndege za kivita za P-38 na P-40. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu boti hizi.

Kwanza, injini zenyewe zilitoka wapi. Allison ilitengenezwa Indianapolis, chini ya kampuni ya General Motors. Ina silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa lita 28, na uzito wa takribani kilo 630. Zilitengenezwa karibu 70,000. Merlin ya Rolls-Royce ilikuwa ndogo kidogo kwa ujazo, lita 27, lakini zilitoka karibu 150,000, na katika hizo zipatazo 55,000 zilitengenezwa Marekani na Packard ya Detroit. Vita vilipokwisha mwaka 1945, injini za jeti zilikuwa tayari zimeingia, na jeshi likabaki na maghala ya injini za pistoni, nyingine zikiwa bado kwenye makasha ya mbao hazijawahi kuwashwa. Ndege za abiria zilizozihitaji zilikuwa chache. (Merlin kwa kweli ilifika hata kwetu: ndege za Argonaut za East African Airways zilikuwa na Merlin nne kila moja, kwa hiyo wazee wa Nairobi wameusikia mlio wake.) Zilizobaki ziliuzwa kwa bei ambayo mtu mwenye boti angeweza kuifikiria.

Wamarekani walikuwa wameshafanya hivyo baada ya vita vya kwanza, kwa injini za ndege za Liberty. Gar Wood wa Detroit alizitia kwenye boti zake. Kule Uingereza Liberty moja iliingia kwenye gari la J.G. Parry-Thomas lililoitwa Babs, ambalo mwaka 1926 lilifikia kilomita 275 kwa saa na mwaka uliofuata likamuua kwenye mchanga wa Pendine, Wales. Magari yana historia yake ndefu. Mimi nimezipenda zaidi boti, kwa sababu maji yanaidai injini ya ndege mambo ambayo barabara haiyadai.

Sasa turudi puani. Propela ya P-40 ilikuwa na kipenyo cha kama mita 3.35. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, na propela ingezunguka sawa nayo, ncha za mabapa yake zingekwenda zaidi ya mita 520 kwa sekunde. Mwendo wa sauti ni kama mita 340. Ncha ikivuka mwendo wa sauti, propela inaacha kuvuta hewa vizuri na nguvu yote inaishia kwenye kelele. Ndiyo maana wahandisi waliweka giaboksi ya kupunguza: injini 3,000, propela nusu yake, ncha zikabaki chini ya mwendo wa sauti.

Kwenye boti mambo yanapinduka. Maji ni mazito mara mia nane kuliko hewa. Propela ya boti hizi ni ndogo, ina mabapa mawili, na kipenyo chake hakifiki hata nusu mita. Ili kitu kidogo hivyo kimeze nguvu za farasi 1,500 na zaidi, lazima kizunguke kwa kasi sana. Kwa hiyo mafundi waliing'oa giaboksi ya puani na kutengeneza nyingine inayofanya kazi kinyume: badala ya kupunguza, inazidisha. Kwenye Slo-mo-shun IV ilizidisha kama mara tatu. Injini ikiwa 3,500, propela iko zaidi ya 10,000. Kwa mtu wa kazi yangu, hilo la kuikuta giaboksi imegeuzwa hivyo ndilo lililonifanya nikae macho hadi usiku nikisoma.

Umbo la boti nalo lilibadilika. Stanley Sayres ndiye aliyekuwa mwenye boti, Ted Jones ndiye aliyeibuni, na Anchor Jensen ndiye aliyeijenga. Upande wa omo, yaani mbele, ina vielea viwili, kimoja kila ubavu. Usidhani ni kama marengu ya ngalawa, ambayo kazi yake ni kuizuia isipinduke. Vielea hivi ndivyo vinavyobeba boti ikishika kasi. Tumbo lote linanyanyuka juu ya maji, na pale tezini, yaani nyuma, hakuna kinachogusa maji isipokuwa propela, tena nusu yake tu. Nusu ya juu inazunguka hewani na kurusha nyuma ukuta wa maji unaoonekana ng'ambo ya ziwa. Boti inagusa maji kwa alama tatu: vielea viwili na propela.

Tarehe 26 Juni 1950, kwenye Ziwa Washington, Slo-mo-shun IV ilikwenda kilomita 258 kwa saa. Rekodi iliyokuwepo, kilomita 228, ilikuwa ya Malcolm Campbell tangu mwaka 1939, kwa injini ya Rolls-Royce R iliyobuniwa kwa ajili ya mashindano ya ndege. Miaka miwili baadaye Sayres aliipandisha rekodi yake mpaka kilomita 287. Mwaka ule ule wa 1950 boti hiyo ilikwenda Detroit na kulichukua Kombe la Dhahabu, kombe kubwa la mashindano ya boti hizi, na kwa kuwa mshindi alikuwa na haki ya kuyapeleka mashindano kwao, mwaka 1951 yakafanyika Seattle. Watu wa Detroit, walioona kombe hilo ni lao, hawakufurahi kabisa.

Hapa niseme kuhusu mateso ya injini, maana wasimulizi wengi hupita haraka.

Kwenye ndege, mzigo wa injini ni wa upole. Hewa ipo daima, propela haiishiwi cha kushika. Kwenye boti, wimbi dogo tu linatosha kuinua tezi. Propela inatoka majini, mzigo unatoweka ghafla, na mizunguko inapaa kabla dereva hajaondoa mguu. Halafu propela inarudi majini na kushika kwa kishindo. Kishindo hicho kinapanda kupitia shafti, kinaingia giaboksi, kinafika kwenye krenkishafti na rodi za pistoni. Fikiria jambo hilo likitokea mara nyingi katika kila mzunguko wa mashindano.

Tena mizunguko yenyewe ilipandishwa. Allison jeshini iliwekewa kikomo cha 3,000. Kwenye boti waliisukuma mpaka 4,000 na kupita. Mtu asiye fundi ataona ni ongezeko la theluthi moja. Lakini nguvu inayoivuta rodi pistoni inapogeuka juu haipandi hivyo, inapanda kwa kipeo cha pili cha mizunguko. Kutoka 3,000 hadi 4,000 mvuto unaongezeka kwa asilimia 78. Supachaja, yaani pampu inayoisukumia injini hewa, nayo inaendeshwa na gia za injini hiyo hiyo. Kwenye Allison za mwisho ilizunguka mara 9.6 ya krenkishafti, maana yake injini ikiwa 4,000 gurudumu la supachaja liko 38,400. Kitu chochote kikikwaruza humo ndani, vipande vinafika kwenye silinda kabla hujasikia lolote.

Na supachaja ilibuniwa kwa ajili ya mawinguni. Kazi yake ilikuwa kuirudishia injini hewa iliyopungua kwenye urefu wa kilomita kadhaa kutoka ardhini. Merlin za mwisho zilikuwa na supachaja ya hatua mbili kwa ajili ya urefu mkubwa zaidi. Ukiifungulia supachaja hiyo yote ukiwa ziwani, palipo na hewa nzito, inasukuma kwenye silinda mchanganyiko mwingi na wa moto kuliko inavyopaswa. Mchanganyiko unawaka wote kwa mpigo mmoja badala ya kuwaka taratibu kutoka kwenye plagi. Sisi tunasema injini inagonga. Kwenye injini ndogo nimewahi kuona pistoni iliyogongwa hivyo: juu yake ilikuwa na tundu linalopitisha kidole, na kingo zake zimeyeyuka kama nta. Kwenye injini ya lita 28 iliyo karibu na kichwa cha dereva, huo ni moto.

Dawa ilikuwa mafuta na maji. Mimi leo natumia petroli ya ndege ya rangi ya buluu, 100LL. Wao walikuwa na ile ya zambarau, 115/145, yenye madini ya risasi mengi zaidi na inayovumilia mgandamizo mkubwa. Juu ya hapo walinyunyizia maji yaliyochanganywa na alkoholi kwenye hewa inayoingia, ili ipoe kabla haijafika silindani. Ujuzi huo nao ulitoka kwa ndege za kivita, ambako rubani aliutumia kwa dakika chache tu akiwa hatarini. Faida moja ambayo boti ilikuwa nayo ni upoozaji: ziwa zima lilikuwa rejeta yake.

Allison au Merlin? Mabishano haya hayajaisha, na mimi nina upande. Merlin ilitoa nguvu zaidi, na timu tajiri zilihamia huko. Lakini Allison ilibuniwa na mtu aliyewafikiria mafundi. Sehemu zake ni chache, na krenkishafti unaweza kuigeuza mwisho huu uwe ule, injini ikazunguka kulia au kushoto, jambo lililozipa P-38 propela mbili zinazozunguka kinyume. Tarehe 4 Julai 1971, huko Madison, mji mdogo wa Indiana kando ya Mto Ohio, boti ya wananchi wenyewe, Miss Madison, ilitwaa Kombe la Dhahabu mbele ya watu wake. Ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, dereva wake alikuwa Jim McCormick, na ndani yake mlikuwa na Allison. Ilizipita timu zenye fedha na Merlin zao. Kila nikisoma habari za siku hiyo nafurahi kama vile nilikuwepo.

Lakini siwezi kuandika hayo nikaacha tarehe 19 Juni 1966, kwenye Mto Potomac, Washington. Ron Musson alikufa boti yake, Miss Bardahl, ilipovunjika baada ya propela kukatika. Mashindano yakaendelea, na jioni ile Rex Manchester na Don Wilson wakagongana na kufa wote wawili. Madereva watatu siku moja. Walikaa wazi, bila paa wala mkanda, na bila chochote kati yao na maji ambayo kwa mwendo ule ni magumu kama saruji. Imani ya wakati huo ilikuwa kwamba kurushwa nje ni salama kuliko kubaki ndani. Bill Muncey, bingwa aliyeshinda mara 62, alikufa Mexico mwaka 1981, na Dean Chenoweth mwaka uliofuata. Ilipofika 1986 ndipo boti ya Miss Budweiser ikafungwa kifuniko cha rubani cha ndege ya F-16. Ilikuwa inawezekana kufanya hivyo mapema, na hilo linaniuma.

Kilichozimaliza injini za pistoni kilikuwa injini nyingine ya jeshi. Turbini ya T55 ya helikopta za Chinook ni nyepesi, haina pistoni ya kugeuka juu na chini, na haijali sana propela inapotoka majini. Boti ya turbini ilishinda kwa mara ya kwanza mwaka 1982, na muda si mrefu karibu timu zote zikahama. Hapo Kent, kusini mwa Seattle, kuna jumba la makumbusho la boti hizi ambako mafundi wanazifufua zile za zamani na kuzirudisha majini na injini zake. Makasha ya jeshi yamekwisha. Rodi ikitoka ubavuni mwa injini siku hizi, wanachambua injini nyingine tatu zilizokufa ili kuunganisha moja itakayowaka.