Je, wajua kwa nini kitabu kinakuwa kizito simu ikiwa mezani?

Juzi nilisafiri na mpwa wangu wa kidato cha tatu kwa meli ya Nansio. Kitabu cha hadithi kilikuwa mapajani, simu mkononi. Kutoka Mwanza mpaka mtandao unakata, hakufungua hata ukurasa. Ulipokata ndipo akaanza. Ukurasa wa kwanza aliurudia mara tatu, kidole kikifuata mstari. Tulipokaribia Ukerewe nilimwita mara mbili, hakusikia.

Huyu kijana kusoma anajua. Sasa shida ni nini?

Mtoto huokota lugha nyumbani bila darasa, lakini hakuna anayezaliwa na ubongo wa kusoma. Maandishi yana miaka kama 5,000 tu, kwa hiyo ubongo huazima sehemu inayotambua vitu kwa macho na kuifundisha herufi. Hata jicho halitelezi juu ya mstari: linaruka, linatua kama robo ya sekunde, linaruka tena. Aliyezoea hutua mara chache. Asiyezoea hutua sana, anachoka, na aliyechoka hutafuta kitu chepesi. Video fupi ipo hapo hapo, na baada yake nyingine.

Na simu si lazima iite. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Marekani, waliwapa watu majaribio ya akili. Walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko walioiweka mezani, ingawa ilikuwa kimya na imelazwa kifudifudi. Kujizuia usiiguse nako ni kazi. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata jibu lile lile kila mara, lakini kwa niliyoyaona melini, mimi naliamini.

Nusu ya pili ya jibu ipo hapa hapa Kanda ya Ziwa. Kati ya 1968 na 1972, Mwanza ilikuwa kitovu cha mradi wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO. Watu wazima hawakufundishwa herufi tupu. Vitabu vyao vilizungumzia pamba, migomba, ng'ombe na uvuvi, mambo waliyoamka nayo kila asubuhi. Tena ikaonekana kwamba mtu akihitimu halafu akakosa cha kusoma, herufi zinamtoka. Ndipo mwaka 1974 likaanzishwa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili wahitimu wasikae mikono mitupu. Wazee wetu walijali hilo. Sisi tunamlaumu kijana wakati nyumba nzima haina kitabu zaidi ya vile vya mtihani.

Mpwa wangu anapenda mitumbwi na mpira. Siku hizi saa moja jioni anampa mama yake simu, anasoma nusu saa. Kitabu cha melini amekimaliza. Jana alinipigia: "Mjomba, nitafutie kingine, ila kiwe na wavuvi."