Lucrecia Martel, mwongozaji anayeanza na sikio

Ninapowafundisha vijana kazi ya sauti za filamu, kwanza huzima picha. Huwasikilizisha dakika za mwanzo za La ciénaga, filamu ndefu ya kwanza ya Lucrecia Martel wa Argentina, iliyotoka mwaka 2001: radi inanguruma mbali, barafu inagongana ndani ya glasi za divai, na viti vya chuma vinaburutwa juu ya sakafu ngumu mpaka meno yanaingia ganzi. Picha inaporejea, ndipo wanapowaona watu wazima waliolewa kando ya bwawa chafu la kuogelea, na mama mwenye nyumba akianguka juu ya vipande vya glasi huku wenzake hata hawashtuki. Uvivu na kuporomoka kwa familia ile, masikio yalikwisha kuvipokea kabla ya macho.

Martel alizaliwa mwaka 1966 mjini Salta, kaskazini-magharibi mwa nchi, na filamu zake tatu za kwanza alizipigia huko. Ameeleza kwamba alijifunza kusimulia kwa kumsikiliza bibi yake, aliyewapa wajukuu hadithi za kutisha saa za usingizi wa mchana. Mimi maelezo hayo yananitosha kuliko nadharia nyingi zilizoandikwa juu yake.

Sifa yake haikutokana na wingi wa kazi, kwani filamu zake ndefu za kubuni ni nne tu. Ya kwanza ilipata tuzo ya Alfred Bauer katika tamasha la filamu la Berlin. La niña santa (2004) na La mujer sin cabeza (2008) zilishindanishwa katika tamasha la Cannes, ambako hiyo ya 2008 ilizomewa. Inamhusu mwanamke anayegonga kitu barabarani wakati akiitafuta simu inayolia, kisha anaendelea na safari. Tunamwona mbwa amelala nyuma ya gari, lakini hatupewi uhakika kwamba aliyegongwa ni mbwa peke yake. Waliozomea, nadhani, walitaka jibu, ilhali Martel alikuwa akionyesha namna jamaa wenye uwezo wanavyoshirikiana kulifuta swali lenyewe. Mwaka 2016, wakosoaji walioulizwa na BBC waliiingiza miongoni mwa filamu 100 bora za karne hii.

Filamu ya nne, Zama, ilikuja mwaka 2017, baada ya miaka 9, na miaka miwili baadaye tamasha la Venice likamkabidhi uenyekiti wa jopo la majaji. Zama imetokana na riwaya ya Antonio Di Benedetto kuhusu ofisa wa mfalme wa Hispania anayengoja uhamisho usiofika. Kila ofisa huyo anapopigwa na habari mbaya, maneno ya anayezungumza hufifia na kufunikwa na mlio unaoshuka, ukashuka tena, usifike chini kamwe. Ni hila ya kupandanisha milio kadhaa: ule wa chini unapofifia, mwingine unakuwa umekwisha kuingia juu kimyakimya, na sikio halioni kiungo. Wanafunzi wangu wakiusikia kwa mara ya kwanza hugeuka kutazama spika, wakidhani imeharibika.