Kiini cha dunia "kimerudi nyuma", sawa, nyuma ya nini?

Kila baada ya muda inarudi ile klipu, muziki wa kutisha na sauti nzito, eti wanasayansi wamegundua kiini cha dunia kimesimama na sasa kinazunguka kinyume, na kwenye komenti watu wameshaanza kuagana. Jamani.

Kiini cha ndani ni tufe gumu la chuma na nikeli, kutoka katikati hadi ukingoni kama km 1,220, limezungukwa na kiini cha nje ambacho ni chuma kilichoyeyuka. Inge Lehmann wa Denmark ndiye aliyeligundua, mwaka 1936, kwa kusoma mawimbi ya matetemeko. Sasa kwa vile limekaa ndani ya majimaji halijashikana moja kwa moja na miamba ya juu, yaani koti la dunia, kwa hiyo linaweza kwenda haraka kidogo kuliko sisi au polepole kidogo. Dhana yenyewe ndo hiyo, imeisha.

Kinachorukwa kila siku ni hilo "kuliko sisi". Dunia kwa mwaka inajizungusha zaidi ya digrii 131,000. Watafiti wa matetemeko Song na Richards mwaka 1996 walisema kiini kinatangulia kama digrii 1 kwa mwaka, na wengi waliofuata wakaishusha hadi kasehemu tu ka digrii, sasa weka hiyo pembeni ya 131,000 uone ugomvi wote unahusu nini. Uko kwenye daladala Morogoro Road mnaelekea Kimara, yenu inakimbia 60 na ya pembeni 59, ukichungulia dirishani utaiona ile inarudi nyuma, lakini abiria wake nao si wanaenda Kimara tu?

Na hii kitu wanaijuaje? Kule visiwa vya South Sandwich, kusini mwa Atlantiki, kuna matetemeko yanayojirudia palepale kwa ukubwa uleule, halafu mawimbi yake yanapita kwenye kiini na kutokea Alaska na Kanada. Unachukua michoro ya matetemeko mawili pacha yaliyopishana miaka, unailaza mmoja juu ya mwingine, na pale ambapo wimbi limepita kiini cha ndani mistari inaachana kidogo, maana kiini kimeshageuka. Utamu ni kwamba baadhi ya michoro iliyoachana miaka mingi inakuja kulingana tena, yaani kiini kimerudi pale kilipokuwa. Mtafiti Vidale na wenzake walilinganisha matetemeko 121 ya 1991 hadi 2023, wakaona kilitangulia 2003 hadi 2008 halafu kikarudi taratibu zaidi. Yang na Song wao walishasema mwaka 2023 kwamba hiyo ni bembea, kinatangulia halafu kinabaki nyuma, ya kama miaka 70, na hapo bado wanabishana.

Halafu msichanganye na sumaku. Kugeuka kwa ncha za sumaku ni mambo ya kiini cha nje, mara ya mwisho ilikuwa kama miaka 780,000 iliyopita, na hakuhusiani na hii bembea. Athari ya bembea kwa urefu wa siku inahesabiwa kwa vielfu vya sekunde, saa yako ya mkononi wala haishtuki.

Kwa hiyo ukiisambaza tena hiyo klipu, hatukukatazi, ila pale juu ongeza tu "ukilinganisha na koti la dunia".