Dubai kwa Mgeni: Yanayosemwa Kariakoo na Yanayokutwa Deira

Ndege zinazotoka Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Nairobi kwenda Dubai hubeba wafanyabiashara wanaofuata mzigo, watalii na vijana wanaotafuta kazi. Ushauri wanaopewa na jamaa kabla ya kuondoka mara nyingi ni wa mavazi. Kumbe vinavyomponza mgeni huko ni vidonge, viza na simu, kwa hiyo nitaanza na hivyo.

Dhana: "Dawa niliyoandikiwa na daktari haina shida."

Inaweza kuwa na shida kubwa. Falme za Kiarabu, nchi ilimo Dubai, zinadhibiti vikali dawa kadhaa ambazo kwetu watu wamezizoea. Kodeini, iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi na vidonge vya maumivu, ni mojawapo. Tramadoli ni nyingine. Kwa dawa za namna hiyo cheti cha daktari peke yake hakitoshi. Idhini huombwa mtandaoni kwa mamlaka ya afya ya huko, bila malipo, kabla hujasafiri. Beba dawa katika pakiti yake halisi, pamoja na cheti chenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti na jina la kitaalamu la dawa. Usivihamishie vidonge kwenye kichupa kingine ili kubana nafasi.

Na ukiambiwa "mpelekee dada yangu dawa yake ya kifua, amekwama huko", kataa, hata kama anayekuomba ni shangazi yako. Forodhani, mwenye begi ndiye anayeulizwa.

Mirungi nayo ni hivyo hivyo. Meru ya Kenya inauzwa sokoni kihalali, Tanzania ni marufuku, na Falme za Kiarabu inahesabiwa kuwa dawa ya kulevya. Sheria yao inaadhibu hata utumiaji, kwa hiyo kukuta begi halina kitu hakumalizi kesi kama kipimo cha mwili kitaonyesha kitu.

Dhana: "Nenda na viza ya matembezi, kazi utaipata ukifika."

Maneno haya ndiyo yanayonitia uchungu kuliko yote, maana wanaoyaamini ni mabinti na vijana ambao familia zao zimeuza shamba au kukopa ili wapate nauli. Ukweli ni kwamba viza ya matembezi hairuhusu kazi hata ya siku moja. Mwajiri anaweza kukuombea kibali cha kazi ukiwa humo nchini, ni kweli, lakini mpaka kibali kitoke, kufanya kazi ni kosa. Siku za viza zikiisha, faini ni dirhamu 50 kwa kila siku unayozidisha. Fikiria mtu asiye na mshahara akikaa miezi mitatu: zaidi ya dirhamu 4,000, na hana mwajiri wa kumdai.

Sheria ya kazi ya huko inasema gharama za kumwajiri mfanyakazi ni za mwajiri. Wakala akikuambia ulipie "viza ya kazi" kisha akakupa ya matembezi, umeshatapeliwa ukiwa bado nyumbani. Sheria hiyo pia inamkataza mwajiri kushika pasipoti yako. Kabla ya kutoa hata shilingi, Mtanzania aulize TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wakala huyo amesajiliwa, na Mkenya aulize National Employment Authority, mamlaka ya ajira ya nchi yake. Nakala ya mkataba uliosainiwa iachwe kwa mtu wa nyumbani. Tanzania na Kenya zote zina ubalozi mdogo Dubai. Andika namba za simu zao kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa.

Dhana: "Mji wa watalii, piga picha utakavyo."

Burj Khalifa ipige picha mpaka uchoke. Watu ni jambo jingine: kumpiga picha mtu bila ridhaa yake, au kurusha video ya ajali mtandaoni, kunaweza kukufikisha polisi. Matusi ya WhatsApp pia yanashtakiwa chini ya sheria ya makosa ya mtandao ya 2021. Simu za kawaida za WhatsApp huwa zimefungwa. Waambie nyumbani mapema mtatumiana ujumbe wa sauti, wasije wakashtuka kwamba hupatikani.

Dhana: "Dhahabu ya Dubai haina kodi, na bei haipunguzwi."

Tangu 2018 kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Mtalii anaweza kurudishiwa sehemu kubwa ya kodi hiyo akinunua katika duka lililo kwenye mfumo wa kurudishia watalii kodi, kuanzia dirhamu 250, na akahakikiwa uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi mizigo. Uliza dukani kabla ya kulipa. Bei ya gramu hutangazwa kila siku, hiyo usihangaike nayo. Panapopatanwa ni gharama ya ufundi, na hapo patana kwa nguvu zako zote. Dola moja ni dirhamu 3.67 miaka nenda rudi, kwa hiyo anayekubadilishia kwa 3.4 anakunyonya. Fedha zikizidi dirhamu 60,000, ziandikishe forodhani.

Mengine ya haraka

Mwanamke mgeni halazimishwi kuvaa abaya, ila afunike mabega na magoti akienda madukani, na ajisitiri kikamilifu msikitini. Mapumziko ya wiki tangu 2022 ni Jumamosi na Jumapili. Ijumaa ofisi za serikali hufanya kazi nusu siku. Kula au kunywa ndani ya metro, yaani treni ya mjini, ni faini ya dirhamu 100. Saa za huko ziko mbele ya zetu kwa saa moja.

Mwisho, soma tiketi yako ujue terminali. Terminali 1 na 3 zina vituo vya metro, lakini Terminali 2, inayotumiwa sana na shirika la ndege la flydubai, haina, na kutoka moja kwenda nyingine ni safari ya gari. Mwenye mabegi ya mzigo apange teksi tangu hotelini.