Kasa nyingi ni nini?

Kwanza tuondoe utata: kasa hapa si yule wa baharini anayetaga mayai Mafia. Ni kile kijistari kinachowakawaka kwenye skrini kukuonyesha herufi inayofuata itaangukia wapi. Tumezoea kuwa nacho kimoja. Kwenye programu za kuandikia msimbo kama Visual Studio Code unaweza kuwa na kasa kumi au mia kwa mpigo, na ukiandika neno, zote zinaliandika, kila moja mahali pake.

Chukua mfano wa vituo vya mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam. Mtu amekutumia orodha: Kimara, Manzese, Jangwani, Fire, kila kituo na mstari wake. Programu yako inataka kila jina likae ndani ya alama za kunukuu, na koma mwishoni. Aliyeanza kazi juzi atashuka mstari baada ya mstari hadi chai ipoe. Wewe teua orodha yote, kisha bonyeza Shift, Alt na I kwa pamoja. Kila mstari unapata kasa yake mwishoni. Andika alama ya nukuu na koma. Bonyeza Home, kasa zote zinakimbilia mwanzo wa mistari. Weka nukuu nyingine. Kwisha. Vingekuwa vituo mia tano, usingeongeza hata bonyezo moja.

Njia ya pili, ninayoitumia kutwa, ni Ctrl na D (kwenye Mac ni Command na D). Kila ukibonyeza, inateua neno lile lile linapojitokeza tena na kukuwekea kasa hapo. Ina siri moja ambayo mimi niliijua kwa aibu. Ukiweka kasa tu juu ya neno bila kuliteua, halafu ukaanza na Ctrl na D, inatafuta neno zima peke yake. Ukiliteua mwenyewe kwa mausi, inakamata hata vipande vilivyo ndani ya maneno mengine.

Nilikuwa nabadilisha "siku" iwe "tarehe" kwenye mfumo wa tiketi wa mteja mmoja hapa mjini. Niliteua kwa mausi, nikabonyeza haraka haraka, nikaandika. Jioni mteja akapiga simu: "Kaka, hii tarehekuu ya Idi ndiyo nini?"

Kwa hiyo kama unachobadilisha ni jina la kigeu (jina linalobeba thamani ndani ya msimbo), achana na kasa nyingi, tumia F2, kitufe cha kubadilisha jina. Hiyo, pale programu inapoielewa lugha unayoandikia, hufuata kigeu chenyewe kila kinapotumika na haigusi maandishi yanayofanana nacho. Kasa nyingi ziachie orodha na mistari iliyofanana umbo. Na kasa moja ikiangukia pasipotakiwa, Ctrl na U inaiondoa hiyo ya mwisho tu. Esc inazifuta zote na kukuachia moja.